Mtangazaji wa kujitolea naye ni mwajiriwa

Ingia chumba cha habari cha redio, tazama ukutani. Utaona ratiba ya zamu. Muulize meneja wa kituo ana waajiriwa wangapi, na mara nyingi atataja wachache kuliko majina yaliyo kwenye karatasi ile. Hao wengine huitwa "wa kujitolea" au "wa kujitegemea", au ni yule aliyekuja fildi akabaki. Hulipwa kwa stori iliyokwenda hewani, pengine nauli tu.

Katika kazi yetu ya kuelimisha umma kuhusu sheria za kazi nchini Tanzania, nimekaa na mameneja na wakuu wa vyumba vya habari. Si watu wabaya. Wengi walianza vivyo hivyo, wakibeba kinasa sauti bila mshahara, na wanaona ndiyo njia ya kumpima kijana. Tena matangazo ya biashara hayatabiriki. Naelewa, ila sheria haiangalii meneja kampa mtu jina gani.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinasema anayemfanyia mtu kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kigezo hata kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Je, unampangia saa? Unamwelekeza namna ya kufanya kazi? Unampa vifaa? Anakutegemea wewe kwa kipato? Amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita?

Binti mmoja alituonyesha simu yake. Kwenye kundi la WhatsApp la chumba cha habari, mhariri wa zamu alikuwa amemwandikia saa 11:40 alfajiri: "Uko wapi? Taarifa ya saa 12 unasoma wewe." Kituo kilikuwa kinasema binti huyo ni wa kujitegemea. Anayejitegemea kweli ni yule mwandishi wa Songea mwenye kamera yake, anayeuza habari kwa vituo vitatu na kuamua mwenyewe leo aende wapi.

Mameneja wengine hudhani pasipo mkataba wa maandishi hakuna kesi. Mambo ni kinyume kabisa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Shauri likifika mezani na karatasi haipo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri.

Akishakuwa mwajiriwa, anastahili michango ya NSSF, na kila saa anayokaa studio kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Na wakuu wa habari, acheni kuwauliza mabinti kwenye usaili kama wana mpango wa kuzaa karibuni. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au ndoa.

Kwako kijana: piga picha ratiba ya zamu, tunza jumbe za mhariri. Ukishafikisha miezi 6 kazini kisha ukaambiwa usije tena bila sababu ya haki, una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hutufikia zimeshapita.