Nanoselulosi: katani iliyochambuliwa hadi uzi wa mwisho

Simama kwenye karakana yoyote ya mikanda ya jipsamu hapa Dar es Salaam. Fundi anamimina uji mweupe kwenye kalibu, anachukua fungu la katani, analitawanya kwa vidole na kulikandamiza ndani kabla uji haujashika. Bila zile singa mkanda ungekatika kama chaki, pengine hata kabla ya kufika darini. Jipsamu huvumilia kubanwa, lakini haivumilii kuvutwa wala kupindwa. Singa ndizo zinazopokea mvuto huo na kuuzuia ufa usiendelee.

Nanoselulosi, yaani nyuzi nyembamba mno zilizochambuliwa kutoka kwenye mimea, inafanya kazi hiyohiyo. Kinachobadilika ni unene wa uzi, na unene huo hubadilisha mambo mengi.

Selulosi ndiyo inayoupa mmea mwili. Mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838, na tunaishika kila siku: kwenye ubao, pamba, karatasi, hata yale makapi yanayorundikana kando ya mashine za juisi ya miwa Kariakoo. Chukua singa moja ya katani uichane. Utadhani ni uzi mmoja, kumbe ni kitita cha seli ndefu zilizogandamana. Ukuta wa kila seli nao ni kitita cha nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo kuna nyingine, hadi ufikie uzi wenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Unywele wako una upana wa nanomita 80,000 hivi.

Nyuzi hizo zimeshikizwa na hemiselulosi na lignini, gundi za asili za mmea. Uone ukuta wa seli kama nguzo ya zege: selulosi ni nondo, lignini ni saruji. Kwa hiyo kazi yote ni kuondoa saruji bila kuharibu nondo. Mmea hupikwa kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ukapaushwa, kisha rojo lake likasukumwa kwa shinikizo kubwa kwenye upenyo mwembamba, tena na tena, mpaka vitita vifumuke. Zinazopatikana kwa njia hii ni nyuzi ndefu zinazonyumbulika, yaani nanofibrili. Ukitumia asidi kali ya salfa badala ya shinikizo, unapata vijiti vifupi vigumu, nanokristali.

Kwa nini tuhangaike kuchambua kiasi hicho? Kwanza, uzi mnene una kasoro nyingi, na uzi hukatikia penye kasoro. Kristali ya selulosi yenyewe ina ukakamavu wa takriban gigapaskali 130 hadi 150. Chuma cha pua na nondo viko karibu na 200, lakini chuma ni kizito mara tano kwa ujazo uleule. Pili, mzigo huingia kwenye uzi kupitia uso wake. Gramu moja ya singa zenye unene wa robo milimita ina uso unaotosha kufunika kiganja cha mkono. Chambua gramu hiyohiyo hadi nyuzi za nanomita 10, na uso wake unapita mita za mraba 250: ukubwa wa kiwanja kidogo cha nyumba. Ndiyo maana asilimia chache tu za nyuzi hizi zinaweza kukakamaza plastiki, mpira au utando wa wanga wa muhogo.

Umeme wa kusukuma rojo kwa shinikizo ndio uliokuwa mzigo mkubwa. Akira Isogai na Tsuguyuki Saito wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba ukizipa kwanza nyuso za nyuzi chaji hasi, zinasukumana zenyewe, na kuzitenganisha kunahitaji nguvu kidogo sana. Wao pamoja na Yoshiharu Nishiyama walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg, ya utafiti wa misitu na mazao yake, mwaka 2015. Mwaka 2019, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Japani ilionyesha gari la mfano lenye sehemu nyingi zilizoimarishwa kwa nanoselulosi.

Neno “endelevu” hapa lipimwe vizuri. Nyuzi zenyewe huoza, ila ukizichanganya na polipropilini, aina ya plastiki, polipropilini haiozi kwa sababu imepata rafiki wa shambani. Unachopata ni kutumia plastiki kidogo zaidi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko mingi tunayobebea nyanya sokoni bado ni ya polipropilini. Mimi natamani zaidi kuona nyuzi hizi ndani ya wanga wa muhogo, kwa sababu hapo kitu chote kinaweza kurudi udongoni.

Kikwazo kikubwa ni maji. Selulosi huyapenda mno. Asilimia 2 tu ya nanofibrili katika maji hufanya ute mzito ambao hautiririki hata ukiinamisha chupa. Ukiukausha ovyo, nyuzi zinagandamana upya na hazifumuki tena kirahisi. Kazi yote imepotea. Usipoukausha, unasafirisha maji. Lori la tani 10 za ute huo kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga hadi Dar es Salaam litakuwa limebeba kilo 200 tu za nyuzi.