Je, wajua? Usukani wa darubini ya Hubble ni rula ya kupimia nyota

Mwaka 1997 Kilimia kilitusogelea kwa takriban miaka ya nuru 45. Kwenye makaratasi tu, bila shaka. Nyota zenyewe hazikuwa na habari. Kabla ya hapo wanaastronomia wengi walikubaliana kwamba kundi lile dogo la nyota zilizosongamana liko umbali wa miaka ya nuru 430 hivi. Kisha zikachapishwa takwimu za Hipparcos, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 1989 mahsusi kwa kupima mahali zilipo nyota, nayo ikasema ni kama 385.

Tofauti ya asilimia kumi huenda isikushtue, ila Kilimia ni kipimo cha kupimia vingine. Mwangaza wa nyota zake hutumika kukadiria umbali wa makundi yaliyo mbali zaidi. Kama kweli kiko karibu kiasi hicho, basi nyota zake ni hafifu kuliko nadharia inavyodai, na nadharia ya jinsi nyota zinavyowaka ingebidi irudishwe karakana.

Miongoni mwa waliojitosa kwenye ugomvi huo walikuwamo watumiaji wa darubini ya Hubble. Hapo ndipo penye swali letu, kwa sababu hawakutumia kamera yake hata moja. Walitumia usukani. Kwa nini?

Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, huizunguka Dunia kila baada ya dakika 95 hivi, kwa kasi ya kilomita 7.5 kwa sekunde, na haina ardhi ya kukanyaga. Hata hivyo hutakiwa kukodolea nukta ileile ya mbingu kwa dakika nyingi mfululizo. Hujigeuza kwa magurudumu mazito yaliyo ndani yake: gurudumu likizunguka huku, darubini huzunguka kule. Jairoskopu zake huhisi kila mgeuko, lakini nazo hupotoka kidogokidogo, mfano wa saa inayochelewa. Lazima pawepo kitu cha nje cha kujishikiza, na huko juu hakuna kingine ila nyota.

Ndiyo maana pembezoni mwa uwanja wake wa kuonea vimewekwa vihisi vitatu vya uelekezi, kila kimoja kikitazama kipande cha mbingu chenye umbo la tao. Viwili hushika nyota mbili za mwongozo. Moja haitoshi: bandika karatasi ukutani kwa pini moja, nayo itazunguka kwenye pini hiyo, pini ya pili ndiyo huituliza. Kihisi cha tatu hubaki bila kazi ya usukani, na tangu kwenye mipango ya mwanzo kilikusudiwa kupimia.

Sasa tuingie kwenye pembe. Gawa digrii moja mara 3,600 upate sekunde moja ya tao. Igawe sekunde hiyo tena mara 1,000. Kipande hicho nitakiita chembe katika makala haya, ili tusichoshane kwa maneno marefu. Chembe moja ni upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 4,000. Hubble haitakiwi kuyumba zaidi ya chembe 7.

Umbali wa nyota nao hupimwa kwa pembe. Katika miezi sita Dunia huhama kutoka upande mmoja wa Jua hadi mwingine, safari ya kilomita milioni 300 ukipima moja kwa moja, na nyota iliyo karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Nusu ya msogeo huo huitwa paralaksi. Nyota ya kwanza kupimwa hivi na kukubalika, 61 Cygni, iliyopimwa na Friedrich Bessel mwaka 1838, ina chembe zipatazo 300. Kilimia? Waliosema kiko mbali walitarajia chembe 7.5 hivi, Hipparcos ilipata kama 8.5. Yaani ugomvi mzima, pamoja na nadharia iliyokuwa ikingoja hukumu, ulikuwa wa chembe moja tu.

Nani huweza kuona chembe moja? Kutoka ardhini hewa huitawanya picha ya nyota hadi upana wa takriban sekunde nzima ya tao, na kutafuta chembe ndani ya ukungu huo ni kazi ngumu. Kihisi cha Hubble kina faida mbili. Ya kwanza ni kuwa nje ya hewa. Ya pili ndiyo inayonivutia mimi: hakipigi picha kabisa.

Fikiria mawimbi ya bahari yakija ufukweni. Yakija sambamba na ufukwe, wimbi huvunjika kila mahali kwa wakati mmoja. Yakija kimshazari, upande mmoja hutangulia. Mwanga wa nyota hufika kwenye kioo cha Hubble, chenye upana wa mita 2.4, kwa namna hiyohiyo. Ndani ya kihisi mna prizimu inayoukata mwanga huo nusu mbili, kuzilaza moja juu ya nyingine, kisha kuzitoa kupitia milango miwili. Wimbi likiwa limenyooka, milango yote miwili hutoa mwanga sawa. Likiinama kidogo tu, mawimbi ya nusu mbili huongezeana nguvu upande mmoja na kuuana upande wa pili: mlango huu hung'aa, ule hufifia. Vipokezi vinavyohesabu fotoni, yaani punje za mwanga, hulinganisha milango hiyo mara 40 kwa sekunde.

Kwa kioo cha mita 2.4, mwinamo wa chembe moja humaanisha kwamba wimbi linafika ukingo mmoja likiwa limetangulia kwa nanomita 12 tu, kama moja ya hamsini ya urefu wa wimbi lenyewe. Kwa jicho la kamera huo ni utani. Kwa kifaa kinachopima kwa mgongano wa mawimbi, ni namba inayosomeka.

Na jibu la swali letu limo humo. Ili kuirudisha darubini kwenye nyota ni lazima ujue imepotoka kiasi gani, na ukishajua hilo umeshajua nyota iko wapi. Usukani wa makini kiasi hiki hauna budi kuwa rula.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Vihisi viwili huishikilia darubini. Cha tatu huiendea nyota inayotafutwa, kisha jirani zake moja baada ya nyingine, kikirudi kwa baadhi yao kuhakikisha hakuna kilichoteleza. Kazi hiyo hurudiwa kwa miezi, pengine miaka. Kipimo kimoja hukosea kwa chembe moja hivi, lakini vikirundikwa pamoja kosa la paralaksi hushuka hadi karibu na 0.2. Nyota jirani nazo husogea, kwa hiyo umbali wao lazima ukadiriwe pia.

Halafu kulikuwa na kile kioo. Hubble ilifika angani na kioo kilichosuguliwa vibaya ukingoni kwa takriban mikromita 2, na mawimbi yaliyotoka humo yakafika kwenye vihisi yakiwa yamekunjamana. Kamera zilipata tiba ya macho Desemba 1993, vihisi havikupata. Wapimaji wakaziba ukingo wa mwanga wakatumia sehemu ya katikati, na wakalipima upya kundi jingine la nyota liitwalo M35 ili kujua rula yao imepinda wapi. Februari 1997 wanaanga wa chombo Discovery walifunga kihisi kipya chenye kioo kidogo kinachorekebishika kutoka ardhini, nacho kikawa mpimaji mkuu.

Kikafanya mengi. Mwaka 2002 Fritz Benedict wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walipima Delta Cephei, nyota inayong'aa na kufifia kila baada ya siku 5.4 na iliyozipa jina nyota zote za jamii yake, wakapata miaka ya nuru 890 hivi. Mwaka huohuo waliiona nyota ndogo Gliese 876 ikitikiswa na sayari yake kwa robo ya chembe, wakapata uzito wa sayari hiyo: karibu mara mbili ya Mshtarii.

Mwaka 2005 zikaja nyota tatu za Kilimia. Paralaksi: chembe 7.43. Umbali: miaka ya nuru karibu 440. Nadharia ilinusurika, na Hipparcos, ambayo ilipima vyema nyota nyingi sana, ilionekana kuteleza hapo. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa pamoja zilipata 444, na setilaiti ya Gaia, mrithi wa Hipparcos, ikaja kukubaliana nazo.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote haikutoka hata kwenye kihisi cha tatu. Usomaji ule wa mara 40 kwa sekunde huhifadhiwa, ingawa kwa wengi ni kumbukumbu za usukani tu. Mwanaastronomia Hilke Schlichting na wenzake walichambua rekodi za miaka minne na nusu, zenye nyota za mwongozo zipatazo 50,000, wakitafuta nyota iliyofifia ghafla. Waliipata moja, ikatangazwa Desemba 2009. Kitu chenye upana wa kama kilomita moja kilikuwa kimepita mbele yake, umbali wa kilomita bilioni 6.7, mbali kupita Neptuni. Nyota ilififia kwa sekunde 0.3. Hubble yenyewe muda huo ilikuwa inatazama kwingine.