Bahari ikipata joto, mkulima wa mwani aende wapi?

Kilimo cha mwani wa biashara kilishika Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani vikiwa vijiji vya mwanzo, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Leo wakulima wengi, takriban asilimia 80, ni wanawake.

Sababu kubwa ni mahali shamba lilipo. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba zikavutwa kati yake, mbegu zikafungwa kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo. Bamvua likifika, maji hutoka mbali na mama huenda shambani kwa miguu. Hahitaji chombo, wala kujua kuogelea. Lakini maji hayo hayo machache ndiyo yanayochemka upesi, hasa wakati wa kaskazi. Mwani ukizidiwa na joto, au chumvi ikipungua kwa mvua kubwa, vijidudu huushambulia: vitawi hugeuka vyeupe, hulainika, hukatika. Mkulima anakuta tai-tai tupu, na jasho la wiki kadhaa limekwenda na maji.

Kati ya aina za mwani zinazolimwa, kotonii ndiyo iliyoumia zaidi, na ndiyo yenye bei. Sehemu nyingi za Unguja haioti tena vizuri, wakulima wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo kwa kawaida huuzwa nusu ya bei hiyo au chini yake. Kazi ni ile ile.

Wataalamu tunashauri shamba lihamie kwenye kina kirefu, kusiko na joto kali. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamejaribu huko nyavu za mirija zinazoushika mwani usikatike. Kisayansi ushauri huo hauna kasoro. Ila wanawake wengi wa vijiji hivi hawajui kuogelea, na vyombo ni vya wanaume. Ama mama akodi ngalawa, faida ipungue, ama abaki pwani na mwani unaokufa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mradi wowote wa mwani unaonunua kamba na nyavu bila kutenga fedha za boti ya kikundi na mafunzo ya kuogelea umeshaamua nani atatoka kazini, hata kama haukukusudia.

Na wanafundishika. Jambiani wapo wanawake waliojifunza kuogelea, na sasa wanalima sifongo baharini na kuwauzia watalii.