Visa sifuri Nairobi havimaanishi kirusi hakipo

Dhana: Taarifa ya leo imetaja visa sifuri vya ugonjwa wa kirusi kinachoenea, kama korona, basi mtaani ni salama.

Uliza kwanza waliopimwa ni wangapi na walitoka wapi. Watu 100 wakiteuliwa kwa bahati nasibu na wote wawe hasi, bado inawezekana hadi 3 kati ya kila 100 jijini wameambukizwa (gawa 3 kwa idadi ya sampuli; uhakika wake ni asilimia 95). Ukipima 300, kiwango kinashuka hadi 1 kati ya 100, ambacho kwa Nairobi ni zaidi ya watu 40,000. Kama waliopimwa ni abiria wa uwanja wa ndege wa JKIA tu, hesabu hiyo haisemi chochote kuhusu mtaa kama Kawangware.

Dhana: Kingekuwepo, wodi zingejaa.

Wodi huchelewa. Dalili za korona ya 2020 zilijitokeza baada ya siku 5 hivi, wengine hadi 14, na aliyezidiwa alilazwa siku kadhaa baadaye. Vijana wengi hawakulazwa kabisa. Ndiyo maana damu ya wachangiaji iliyopimwa kingamwili (kinga ambayo mwili huitengeneza baada ya kuambukizwa) kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020 ilishangaza: watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome nchini Kenya walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya wachangiaji nchini, na 7.3 Nairobi, walikuwa wameshaambukizwa. Mwanzoni mwa Juni, visa vilivyothibitishwa Kenya nzima vilikuwa 2,000 na ushei tu.

Dhana: Nimepimwa, niko hasi, yamekwisha.

Siku za kwanza baada ya kuambukizwa korona, kirusi puani ni kichache mno, na PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, inaweza kukikosa. Kijiti cha kuchukulia sampuli kisipofika ndani ya pua vya kutosha, hali ni hiyo hiyo. Mwenye dalili apimwe tena.

Dhana: Anayekwepa kupimwa hana wasiwasi na ugonjwa.

Mara nyingi anaogopa karantini: gharama yake, na siku bila kibarua. Hofu hiyo hupotosha takwimu, kwa kuwa wanaobaki kupimwa ni wale wanaomudu kutengwa.

Dhana: Bila wagonjwa hakuna pa kutafuta.

Majitaka yapo. Machi 2018, sampuli ya majitaka kutoka Kamukunji, Nairobi, ilikutwa na kirusi cha polio kilichotokana na chanjo, ilhali hakuna mtoto aliyekuwa ameripotiwa kupooza. Njia hii haitegemei mtu kuugua wala kujitokeza. Kasoro yake ni kwamba haionyeshi nyumba, inaonyesha eneo tu, na mitaa inayotumia vyoo vya shimo haiguswi.