Je, wajua kwa nini samaki wa bwawa la nyumbani huisha bila mwizi kuonekana?

Umechimba bwawa nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 5. Ukanunua vifaranga 200 wa perege, ukauacha mfuko wao uelee kwanza mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane, kama ulivyoelekezwa. Ukalisha asubuhi na jioni kwa miezi sita. Siku ya kuvuna unakokota wavu na kuhesabu: 70. Bwawa halikuvuja, hukuwahi kuona samaki wengi waliokufa wakielea, na mbwa hakubweka usiku hata mmoja.

Mavuno ya namna hiyo nimeyaona kwetu Morogoro, na ninajua mtu anavyorudi ndani siku hiyo hana hata hamu ya kula. Lawama ya kwanza humwendea aliyeuza vifaranga, ya pili vijana wa mtaani. Kumbe mara nyingi samaki wameliwa mmojammoja, na walaji wengi tofauti, wengine wadogo kuliko kidole chako. Wameliwa kwa sababu bwawa, jinsi tunavyolichimba wengi wetu, huwanyang'anya samaki kila kinga waliyo nayo ziwani.

Mtazame perege au sato akiwa ziwani. Jike hukusanya mayai yake mdomoni na kuyaatamia humo humo, na hata yakishaanguliwa, watoto wakitishwa hurudi mbio kinywani mwa mama. Wakikua kidogo hujificha kwenye matete na mawe. Wakubwa huzama kwenye kina ambako korongo hafiki. Ndege anayewawinda huwinda eneo kubwa, na akikosa hapa huhamia kule. Sasa mtazame kifaranga wako: hana mama, kwa kuwa ametoka kwenye kituo cha kuzalishia, hana matete, kwa kuwa umesafisha kila kitu, na ana sentimita 40 tu za maji juu ya mgongo wake. Ndege mmoja mdogo akila samaki watano kwa siku, kwa siku 26 tu amekula 130. Hesabu ya yale mavuno imetimia, na hukusikia kelele yoyote.

Tuanze na ndege, maana ndio mlango mkubwa. Korongo wa majini, ambaye wengine humwita kulasitara, ni mtembeaji. Miguu yake mirefu haikuumbwa kwa kuogelea. Hutua ukingoni, akaingia taratibu kwenye maji ya kina kifupi, akasimama kama mti mkavu mpaka samaki wapite. Maana yake, bwawa lenye ukingo unaoteremka pole pole kama ufuko wa bahari ni meza aliyoandaliwa. Kingo zikiteremka kwa kasi na maji yakawa na kina cha kutosha tangu karibu na ukingo, hana pa kusimama. Wachimbaji wengi huacha sentimita 60 upande wa maji kuingia na mita moja au zaidi upande wa kutolea. Mimi ningekusihi usishuke chini ya hizo 60 popote, hata kama fundi anakuambia kazi itaongezeka siku moja. Ukingo uliochimbwa vibaya mwaka huu utamlisha korongo kila mwaka.

Mdiria ana ufundi mwingine. Wale wadogo wenye rangi ya buluu na chungwa huhitaji tawi la kukaa wakichungulia maji. Ukiondoa matawi yanayoinama juu ya bwawa, umewapunguzia nafasi. Lakini yule mweusi kwa mweupe hahitaji tawi. Anaweza kuning'inia hewani akipiga mabawa papo kwa papo, kichwa kikiwa kimetulia, kisha akajitosa. Akipata samaki mdogo anaweza kummeza akiwa bado anaruka, bila kutua. Ndiyo sababu wenye mabwawa wengi hawajawahi kumwona akila. Mnandi, yule ndege mweusi unayemwona jioni amekunjua mabawa kuyakausha, huzama na kumfukuza samaki chini ya maji, kwa hiyo kina peke yake hakimzuii.

Wote hawa wana hitaji moja: kuona. Kuona ndani ya maji si rahisi, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka majini, hata samaki akaonekana pasipo mahali pake hasa, na juu kuna mng'ao wa anga. Afrika Mashariki tuna korongo mweusi mdogo ambaye hutandaza mabawa kuzunguka kichwa chake kama mwavuli, akatengeneza kivuli, akachungulia ndani. Ndege anayefanya kazi yote hiyo ili aone kidogo tu anakuonyesha kinga iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kumzibia dirisha. Bwawa lenye maji meupe yanayoonyesha mpaka tope la chini linapendeza machoni mwa wageni, lakini samaki wake wako uchi. Maji ya kijani, yaliyorutubishwa kwa samadi kiasi, ni pazia. Viumbe vidogo vya kijani vinavyoyapa rangi hiyo ni chakula cha perege pia, kwa hiyo pazia lenyewe linalisha.

Kipimo chake wafugaji wanakijua: zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimefunguka. Maji yakifika kwenye kiwiko, kiganja kiwe ndiyo kwanza kinapotea machoni. Ukikiona wazi, maji ni mepesi, ongeza samadi. Kikipotea kabla maji hayajafika katikati ya kiganja na kiwiko, umezidisha, na hapo unazaa tatizo lingine. Usiku vile viumbe vya kijani huvuta hewa ya majini badala ya kuitoa, na kunapopambazuka samaki hupanda juu wakitweta, midomo nje. Korongo hufika alfajiri hiyo hiyo. Ukiona ndege wamejaa kwako asubuhi kuliko kawaida, kabla ya kuwarushia mawe tazama kwanza kama samaki wanatweta. Ukikuta hivyo, ingiza maji mapya na usimamishe samadi.

Kuna tabia nyingine ambayo sisi wenyewe huwafundisha samaki. Ukilisha mahali pamoja, saa ile ile, samaki hujifunza kukusanyika juu wakisikia nyayo zako. Ni raha kuwaona. Ndege naye hujifunza. Usiache kulisha kwa ratiba, kwa sababu ratiba husaidia kujua kama wanakula vizuri; ila lisha jua likiwa limepanda, kama saa nne na saa kumi, simama hapo mpaka chakula kiishe, na upande wa kulishia uwe ule wenye kina.

Halafu ndipo tuje kwenye wavu, ambao wengi huufikiria kwanza. Kwa bwawa dogo la nyumbani, wavu juu yake ndiyo kinga ya uhakika kuliko zote dhidi ya ndege. Ukaze kama ngozi ya ngoma, juu ya nguzo, uwe nusu mita kutoka kwenye maji au zaidi, kwa sababu ukilegea korongo husimama juu yake na kudona kupitia matundu, na ndege wadogo hunasa wakafa bure. Kama huna uwezo wa wavu mzima, kamba nyembamba zilizokazwa kuzunguka ukingo, moja sentimita 20 kutoka chini na nyingine 40, humzuia korongo kuingia kwa miguu. Mdiria hazimzuii. Sanamu la mtu na sahani za CD zinazomeremeta husaidia siku za mwanzo, kisha ndege huzizoea, hasa zikikaa pale pale.

Lakini walaji wanaoniumiza zaidi ni wale wasioonekana, kwa kuwa huwapata vifaranga wakiwa hawajafikia hata urefu wa kucha. Kerengende anayerukaruka juu ya bwawa lako hajaja kutembea, anataga. Watoto wake, yaani tunutu, huishi ndani ya maji kwa wiki au miezi, na chini ya kichwa wana mdomo uliokunjwa ambao hufyatuka ghafla kama mkono na kumnasa kifaranga. Kunguni-maji mkubwa ndiye mkatili zaidi: hushika kwa miguu ya mbele, huchoma, huingiza mate yanayoyeyusha nyama, kisha hufyonza. Ukikuta vifaranga waliobaki ngozi tupu, ni yeye. Vyura wakubwa nao humeza wadogo, na viluwiluwi vyao hula chakula ulichonunua.

Dawa ya wadudu hawa ni kalenda, na haina gharama yoyote. Wengi hujaza bwawa, kisha hukaa wiki tatu nne wakitafuta vifaranga. Muda huo kerengende wametaga na kunguni-maji wameruka kutoka kwenye madimbwi ya jirani. Vifaranga wadogo wanapofika, wanakuta wenyeji wenye njaa. Agiza vifaranga kwanza. Likaushe bwawa, nyunyiza chokaa sakafuni mwake, lijaze siku chache tu kabla hawajafika. Fyeka nyasi za ukingoni. Kama vifaranga ni wadogo sana, waweke kwanza ndani ya wavu wa matundu madogo ulioshonwa kama sanduku na kutundikwa bwawani kwa vigingi, ambao wafugaji huuita kwa jina la "hapa", mpaka wafike urefu wa kidole.

Na hapo kuna kosa linalouma, kwa kuwa mtu hulifanya akidhani analinda. Anachukua chandarua cha kitandani, anakishona kuwa "hapa" ya vifaranga, au anakifunga kwenye bomba la kuingizia maji. Vyandarua tunavyogawiwa kujikinga na malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Nunua wavu usio na dawa. Ila kichujio kwenye bomba usikikose, kwa sababu maji ya mto au mfereji huleta mayai na vitoto vya kambale. Kambale mwenyewe anaweza kuvuka nchi kavu usiku wa mvua, kwa kuwa anaweza kupumua hewa, na akiingia atakula perege wako kwa miezi kabla hujamjua. Kama kambale ndiye unayemfuga, adui ni ndugu: aliyekua haraka humeza aliyedumaa, kwa hiyo vifaranga wachambuliwe kwa saizi mara kwa mara.

Halafu kuna kenge, ambaye huwinda mchana, na fisi maji. Hawa husomwa kwenye tope. Kenge huacha nyayo zenye kucha na mstari wa mkia katikati. Fisi maji hurudi kunya pale pale, na kinyesi chake kimejaa magamba na vipande vya kaa. Mabati laini yaliyosimamishwa kuzunguka bwawa dogo na kufukiwa kidogo ardhini huwapa kazi wote wawili, kwa kuwa wavu wa waya kenge huupanda. Nakuomba usitege sumu. Hao ni wanyamapori wanaolindwa na sheria, Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2009 na Kenya ya mwaka 2013, na sumu iliyowekwa kando ya maji huishia ndani ya maji, kwenye samaki utakaowapikia wanao.

Binadamu naye hutambulika kwa anachoacha: wakubwa wote wametoweka kwa usiku mmoja, wadogo wamebaki, na tope limeburuzwa. Kwake, chomeka fito zenye vichomozi sakafuni mwa bwawa, hapa na pale. Kokoro lake, yaani wavu wa kukokota, litanasa hata kabla hajafika katikati. Kati ya fito hizo weka mabomba yaliyokatika, vipande vya mianzi na vyungu vilivyovunjika, ili samaki wapate tena pale pa kukimbilia walipopakosa tangu walipotoka kituoni. Siku ya kuvuna utazing'oa mwenyewe, na zitakuchosha, kwa hiyo andika pembeni umechomeka ngapi.