Segovia kwa Baiskeli ya Changarawe: Barabara Waliyoiacha Kondoo

Baiskeli ikiletwa karakanani kwangu hapa Madrid siulizi imetoka wapi, natazama uchafu wake. Vumbi jeupe linalometameta ni la graniti ya milima ya Guadarrama. Udongo wa kahawia uliokaukia kwenye fremu kama plasta ni wa mashamba ya ngano. Na mchanga mwembamba uliojificha kwenye cheni, ule unaokufanya usikie kama mtu anatafuna mchicha usiooshwa, ni wa misitu ya misonobari ya Cuéllar na Coca. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea yote matatu kwenye baiskeli moja. Nikamwambia, "Umeizunguka Segovia." Akashangaa kama nimempigia ramli.

Mzunguko huo wa mkoa wa Segovia, kaskazini mwa Madrid, nimeuendesha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ndio ninaompa mtu akiniuliza pa kuanzia. Kwa asiyeijua: baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama ya mashindano ya lami, ila fremu yake ina nafasi ya tairi pana na gia zake ni nyepesi zaidi. Wenzetu wa Kenya wameizoea kwa sababu ya mashindano ya Masai Mara. Huku Hispania baiskeli hii imeota mizizi kwa sababu nyingine. Nchi ina mtandao mkubwa wa barabara za udongo ambazo nyingi hazikujengwa kwa ajili ya gari, na kila moja ina tabia ya yule aliyeitengeneza. Ukimjua aliyeitengeneza, utajua uweke upepo kiasi gani kwenye tairi.

Toka Madrid kwa treni ya mitaa hadi Cercedilla. Baiskeli inaingia nzima nzima, hakuna kufungua gurudumu. Kutoka hapo panda njia ya msituni wanayoiita Carretera de la República, barabara ya miaka ya 1930 ambayo haikumaliziwa. Mpando wake ni wa upole, unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Unafika Puerto de la Fuenfría, mita 1,796 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo barabara ya Warumi ilivuka mlima. Usidanganyike na jina hilo kubwa: mawe ya njia ya Kirumi yamebanduka na kuachana, na kuteremka juu yake ni kuyatingisha meno bure. Shika njia ya msitu mpaka Valsaín, ukaingie La Granja, mji ambako mfalme Felipe V alianza kujijengea kasri mwaka 1721.

Sasa njia za kondoo, maana hizi ndizo zilizonifanya nihamishe mapenzi yangu kutoka kwenye lami.

Mwaka 1273 mfalme Alfonso X aliwatambua wafugaji wa Castilla, ufalme wa zamani wa katikati ya Hispania, chini ya chama kimoja kilichoitwa Mesta. Kondoo wao wa merino walishinda majira ya joto kwenye nyasi za milima ya kaskazini, vuli ikifika wakashuka mamia ya kilomita hadi Extremadura, kusini-magharibi, kukimbia baridi, na Mei wakarudi. Makundi hayo yalipewa njia zao kisheria. Ile kuu, cañada real, ilipimwa upana wa vara 90, yaani takriban mita 75. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Mita 75 ni pana kuliko barabara kuu nyingi za leo! Mesta ilivunjwa mwaka 1836 lakini njia zilibaki, na sheria ya 1995 inasema ni mali ya umma: haziuzwi, na mtu hata azilime miaka mingi hawezi kudai ni zake. Sheria hiyohiyo inaruhusu mtembea kwa miguu, mpanda farasi na chombo kisicho na injini kupita, mradi mifugo ipewe kipaumbele. Kwetu Tanzania, ambako mapito ya mifugo yanamezwa na mashamba kisha watu wanagombana, nikiisoma sheria ile huwa natikisa kichwa. Huku pia yako yaliyomezwa, lakini una mahali pa kushitaki.

Kwa mwendesha baiskeli faida yake ni hii. Kondoo mwenye mimba hapandi mteremko mkali akiweza kuuzunguka, na hafiki jioni bila maji. Kwa hiyo njia yake inaambaa chini ya mlima, inapanda taratibu, na kila baada ya mwendo fulani kuna uwanja wa kupumzikia na birika la mawe la kunyweshea. Mhandisi hahitajiki, mnyama ameshapima. Kipande cha kutoka Torrecaballeros kuelekea kaskazini-mashariki, ukipita Sotosalbos na kanisa lake la mawe lenye baraza ya matao, ni nyasi fupi na changarawe ngumu, mlima mkononi mwako wa kulia na tambarare nzima ya Castilla kushoto. Tairi ya milimita 45, na kwa mtu wa kilo 70 upepo wa bar 2 unatosha. Wageni wengi hujaza mno, halafu wanalaumu kiti.

Pale Cabanillas del Monte simama. Kuna jengo refu la karne ya 18 lililokuwa la kukatia sufu. Kondoo waliorudi Mei walisongamanishwa kwanza kwenye chumba chembamba usiku kucha watoke jasho, mafuta ya sufu yalainike, ndipo asubuhi mkasi upite vizuri. Sufu ile ndiyo iliyoitajirisha Segovia kwa nguo zake, na kwa muda mrefu kumtoa merino hai nje ya Hispania kulikuwa marufuku.

Kondoo bado wapo, na wana walinzi. Mastín ni mbwa mkubwa kama ndama, amelala katikati ya kundi usimwone mpaka ainuke. Usikimbize baiskeli. Shuka, iweke kati yako na yeye, ongea kwa sauti ya kawaida, tembea ukizunguka kundi kwa mbali. Lugha yoyote inafaa. Mimi huwasalimia kwa Kiswahili na bado sijaumwa. Mageti nayo: ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache.

Pedraza, kama kilomita 40 kutoka Segovia, ina lango moja tu la kuingilia, na jela ya zamani iko juu ya lango lenyewe. Kwenye ngome yake walishikiliwa watoto wawili wa mfalme François I wa Ufaransa, waliotolewa rehani ili baba yao aachiliwe baada ya kushindwa vitani Pavia, Italia, mwaka 1525. Mji ni mzuri kupita kiasi, umejaa watu wa Madrid Jumapili, na mawe yake ya barabarani hayana huruma. Kunywa kahawa, endelea.

Sepúlveda ni habari nyingine. Iko juu ya korongo la mto Duratón, na ukitazama ukingoni unawaona tumbusi migongo yao, wanazunguka chini yako badala ya juu yako. Miezi ya kwanza ya mwaka ndege hao wanataga, na njia fulani za bondeni zinahitaji kibali, ulizia kabla. Mji unaishi kwa mwanakondoo anyonyaye, anayechomwa kwenye chombo cha udongo ndani ya tanuri la kuni. Meza zinajaa saa nane mchana, na ukifika saa kumi utakuta mpishi anafuta jiko. Kwa ndugu asiyekula nguruwe: yale maharage makubwa ya La Granja mara nyingi yamepikwa na soseji, sikio na mguu wake, uliza kabla ya kuagiza. Tortilla ya mayai na viazi ipo kila baa. Ni chipsi mayai, tuseme ukweli, ila kwetu ni tamu zaidi.

Kutoka Sepúlveda kwenda magharibi unashuka kwenye ngano, na hapa barabara ameitengeneza trekta. Ikiwa kavu utaruka. Ikiwa imenyesha, usiingie. Anayejua udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika ananielewa: gurudumu linaviringisha udongo, udongo unajaa kwenye fremu, baiskeli inakuwa nzito kama mzoga. Mimi nilijifanya jasiri mwezi Machi mmoja, nikakanyaga kwa nguvu, na kile kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kikakatika. Fundi mzima, sikubeba cha akiba. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye trekta alinitazama nikikwangua tope kwa kijiti, akaniambia, "Mwanangu, hata mimi leo sikulima." Akanipakia hadi kijijini. Kijiji kilikuwa na baa moja, imefungwa. Mkate unaletwa na gari linalopiga honi uwanjani, kisha linaondoka. Vijiji hivi vilihamwa na vijana katikati ya karne iliyopita, wakaenda viwandani Madrid, Barcelona na Bilbao. Ndiyo maana nasisitiza: chakula cha siku nzima kiwe mfukoni. Na chemchemi iliyoandikwa *agua no potable*, maji yake ni ya kunawa uso tu.

Cuéllar ina ngome, na makanisa ya matofali yenye mkono wa mafundi wa mila ya Kiislamu. Baada yake kunaanza misonobari, na barabara za humo ni za wagema utomvu. Utaona magome yamechongwa na vikombe vimetundikwa chini ya jeraha, utomvu unadondoka taratibu. Huwezi kuuona bila kukumbuka mgema na mnazi wake. Chini ni mchanga. Punguza upepo hadi karibu bar 1.6, weka gia nyepesi, kaa nyuma kidogo, usukani uuache utafute njia wenyewe. Ukiukaba, unaanguka.

Kwenye mchanga huo siku moja nilichomoa mwiba kwenye tairi, nikacheka peke yangu: mbigili! Ileile ya utotoni, inayotoboa ndala. Wenyewe wanaiita abrojo. Hapa ndipo tairi isiyo na tyubu, yenye maji ya gundi ndani, inapojilipa. Nikahesabu matundu 11, yote yakajiziba. Rafiki niliyekuwa naye alikuwa na tyubu za kawaida. Alifika Coca usiku.

Coca ina ngome ya matofali ambayo sitaieleza, ikaone. Kutoka pale hadi Segovia unafuata reli iliyofungwa mwaka 1993, mataruma yakang'olewa, ikafanywa njia ya baiskeli. Treni ni mvivu kuliko kondoo, haipandi kabisa, na kwa hiyo hutajua kwamba unapanda mita 200 polepole kwa karibu kilomita 50. Utajiona umechoka bila sababu. Upepo ukiwa wa mbele, kubali tu.

Reli inakufikisha Segovia, nawe unateremka hadi uwanja wa Azoguejo, ambao jina lake linatokana na neno la Kiarabu lililotupa sisi "soko". Juu yake yanasimama matao ya Warumi ya kupitishia maji, kimo cha mita 28 na ushei, graniti juu ya graniti bila chokaa. Watalii wanapiga picha. Mimi huinamia cheni nikiitoa mchanga kwa mswaki, kwa sababu treni ya kasi haipokei baiskeli isiyofungwa kwenye mfuko, na mfuko ukishaingia mchanga hautoki tena.