Je, wajua kwa nini paka wa kijivu ana rangi nyeusi tele mwilini?

Zunguka Mji wa Kale, Mombasa, jioni wauza samaki wanapofunga biashara, uwatazame paka. Yuko mweusi, yuko mwekundu, yuko wa mabaka, na hapa na pale utamkuta mmoja wa rangi ya majivu matupu kuanzia pua hadi mkia. Huyo wa majivu ndiye wa ajabu. Mtu hudhani rangi ilimpungukia alipozaliwa. La hasha. Kwa kawaida huyo ni paka mweusi kabisa, na melanini, ile rangi nyeusi yenyewe, anayo. Kilichomkosa ni usafiri wa kuifikisha kwenye manyoya.

Jibu hili lilitoka kwa panya. Wafugaji walijua zamani kwamba kuna panya ambao rangi yao imefifia, na mwaka 1909 Mmarekani Clarence Little alianza kuzalisha ukoo wenye sifa hiyo, DBA, ambao ungali maabarani hadi leo. Ilipofika 1991, kundi la watafiti Nancy Jenkins na Neal Copeland likaitambua jeni yenye hitilafu: ndiyo inayotengeneza protini iitwayo mayosini Va. Na hitilafu yenyewe ni kioja. Kirusi cha kale kilijipachika ndani ya jeni hiyo kikakaa humo, kikirithiwa kizazi baada ya kizazi. Mara mojamoja sana sehemu kubwa ya kirusi hicho huchomoka, na hapo wazazi waliofifia huzaa mtoto mwenye rangi kamili.

Mayosini inayojulikana zaidi ni ile ya misuli. Hiyo hukusanyika kwa mamia na kuvuta nyuzi kwa pamoja, nawe ukainua ndoo. Mayosini Va haina tabia hiyo. Yenyewe hutembea, tena kwa miguu miwili, juu ya uzi mwembamba wa aktini ndani ya seli, huku mgongoni imebeba mzigo. Mguu wa nyuma huachia uzi, hupita ule wa mbele, hukanyaga, kisha zamu hubadilika. Kila hatua ni takriban nanomita 36 na hula molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Kuvuka upana wa unywele mmoja wa kichwa chako ingehitaji hatua zaidi ya 2,000. Mwendo huo wa kupishana miguu ulithibitishwa mwaka 2003, na mwaka 2010 watafiti wa Kanazawa, Japani, wakaurekodi kwa video, molekuli moja ikitembea peupe. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa video za kustaajabisha zaidi katika biolojia nzima.

Sasa turudi kwenye rangi. Penye mzizi wa unyoya kuna seli zenye mikono mirefu. Ndani yake melanini hufungwa katika vifuko viitwavyo melanosomu, na vifuko hivyo lazima vifike ncha za mikono ili seli jirani, zinazojenga unyoya, zivipokee. Safari ndefu hupitia mikrotubuli, yaani njia kuu za ndani ya seli, vifuko vikibebwa na protini nyingine zinazotembea; mwishoni, pembezoni mwa seli, kuna msitu wa nyuzi za aktini. Ni kama shehena ya Marikiti: lori huileta hadi barabarani, lakini vichochoroni mwa Mji wa Kale huingia mkokoteni. Mayosini Va ndiyo mkokoteni. Mwaka 1998 ilionekana kwamba katika seli za panya waliofifia melanosomu hufika nchani vizuri tu, ila hakuna wa kuzipokea, basi lori lile lile huzirudisha zilikotoka. Mwishowe zote hurundikana karibu na kiini cha seli. Unyoya hupata rangi kwa mabonge, si kwa usawa, na jicho letu huona kijivu.

Mayosini Va haishiki kifuko moja kwa moja. Protini Rab27a hukaa juu ya melanosomu, melanofilini huishika Rab27a, nayo mayosini huishika melanofilini. Kikikatika kiungo chochote kati ya hivyo vitatu, panya hufifia vilevile. Paka wa majivu kasoro yake iko kwenye melanofilini, na afya yake ni nzuri tu.

Mayosini Va ikikosekana kabisa, hali ni tofauti. Panya hao hupata mitukutiko na degedege, na hufa wakiwa na umri wa wiki tatu hivi, kwa sababu seli za neva nazo huitegemea. Katika ubongo wa nyuma, ndiyo huvuta sehemu ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli, hadi ndani ya vijiba ambamo neva hupokea ujumbe.

Binadamu naye ana ugonjwa huu, sindromu ya Griscelli, nadra mno, ulioelezwa mwaka 1978. Mtoto huwa na nywele za rangi ya fedha. Hitilafu ikiwa kwenye mayosini Va, neva huathirika. Ikiwa kwenye Rab27a, kinga ya mwili huyumba na huenda akahitaji kupandikizwa uboho. Ikiwa kwenye melanofilini, ni rangi tu. Daktari anayeshuku huanza kwa kuweka unywele mmoja chini ya hadubini na kutafuta mabonge ya rangi, kisha kipimo cha jeni humwambia ni ipi kati ya hizo tatu.